Maikrofoni Kwapani

Sponji ya maikrofoni hunuka pumzi za watu. Nimerudi nyumbani na diploma ya utangazaji niliyojilipia mwenyewe, na nimeshika maikrofoni za kila bei, lakini harufu hiyo bado hunipandisha hasira.

Nilikuwa bado mwanafunzi, na tulikuwa tunamuaga marehemu mwalimu wetu uwanjani Shauri Moyo, kabla ya mwili wake kusafirishwa kwao. Alikuwa mwanajeshi, kisha msomaji wa habari redioni, kisha akatufundisha sisi mpaka kifo. Darasa lilinichagua mimi niseme. Mheshimiwa mmoja, asiyemjua marehemu hata kwa sura, alijisifia barabara zake mpaka tukachomwa na jua. Nilipokabidhiwa maikrofoni, aliinyakua.

"Mtoto, keti chini. Wakubwa wana haraka."

"Kwani maiti ni yako?" mama mmoja muuza mitumba akafoka. "Mwachie aseme!"

Mheshimiwa akaizima, akaibana kwapani.

Lakini mwalimu alikuwa ametuzoeza kusoma habari bila mashine yoyote, mkono tumboni, macho kwa mtu wa mwisho kabisa. Nikaweka mkono tumboni.

"Hii ni taarifa ya habari," nikasema, na waliokuwa langoni wakageuka. "Mwalimu wetu amefariki."