Tangi Nililomtengenezea Laurenti

Nilikwenda Tabora kwa sababu shemeji yangu Laurenti alikuwa karibu kurusha ndege aliyoiunda mwenyewe, na tangi la mafuta lililokuwa ndani yake nililitengeneza mimi.

Mimi ni fundi wa boti za faiba Mwanza. Wiki hiyo mteja aliniletea boti iliyozimika injini ziwani. Nilipofungua tangi lake la petroli, ukuta wa ndani ulibonyea kwa kidole kama sabuni iliyolowa. Gundi ya faiba ile ilikuwa ileile niliyotumia kwa Laurenti. Nilimpigia simu, haikupatikana. Alfajiri nikapanda basi.

Shinyanga sikushuka hata kunywa chai. Nzega nilijaribu simu tena. Kimya.

Saa tisa alasiri niliingia Tabora, nikachukua bodaboda hadi Kwihara. Dada yangu Veronika alikuwa uani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo kaka! Mbona bila taarifa?"

"Marahaba. Mumeo ameshapaa?"

"Bado. Anasema kesho asubuhi, upepo ukitulia."

Nikakaa juu ya gunia.

Laurenti, fundi wa ndege mstaafu, nilimkuta bandani akifuta bawa. Nilimweleza yote. Hakubishana. Alifungua chujio la mafuta, akalitazama, kisha akanipa. Lilikuwa na utando wa kahawia unaonata kama asali.

"Gundi hii ingefika kwenye injini," alisema. "Ulijua?"

"Sikujua. Wala sikuuliza. Boti zangu zinakaa majini miaka, nikadhani na petroli ni hivyohivyo."

Alifuta vidole vyake taratibu, kimoja kimoja. "Na mimi sikupima. Nilisema, ni shemeji."

Kesho yake upepo ulitulia kweli. Badala ya kupaa, tulimwaga mafuta, tukalikata tangi kwa msumeno na kulitoa vipande vipande. Mchana tulikwenda mtaa wa Ng'ambo kwa fundi anayechomelea alumini, atengeneze tangi jipya. Veronika alinisindikiza stendi. Hakunilaumu, ila alinishika mkono mpaka dereva akawasha basi.

Baada ya miezi miwili Laurenti alipiga simu: amepaa, amezunguka juu ya Kwihara, ameshuka salama.

Siku hizi mteja akitaka tangi, siulizi kwanza ukubwa. Nauliza litabeba nini, naomba aniletee mafuta hayohayo, kisha natumbukiza kipande cha faiba humo mwezi mzima. Wengine huchoka kusubiri, wakaenda kwa fundi mwingine. Nawaacha waende.