Saida Alipoitika

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si rafiki yangu wala binamu wa rafiki yangu. Nenda Soga ukaulize. Wapo watu waliokaa nami kwenye nyasi zile wakasikia kwa masikio yao. Watakwambia ilikuwa jioni nzuri kuliko zote walizowahi kuziona. Hapo tu ndipo mimi na wao tunapoachana.

Nilikuwa nakata mkonge katika shamba moja karibu na stesheni ya Soga, miaka ile Waingereza walipokwisha kuwaruhusu Wadachi warudi nchini. Msimamizi wetu alikuwa Mdachi. Mkewe tulimwita Mama Kinanda. Hatukuwahi kumsikia akisema neno. Akitaka maji au kuni alionyesha kwa mkono, nasi tukadhani ni kiburi cha kizungu. Lakini jua likianza kupungua alifungua madirisha, akakaa kwenye kinanda chake, akaimba. Wimbo mmoja tu, ule ule, kwa Kidachi.

Nikuelezeje sauti ile? Ilikuwa nyembamba, na ilipanda bila kukwaruza popote, kama moshi wa ubani siku isiyo na upepo. Ukidhani imefika mwisho, ilipanda tena. Hatukuelewa hata neno moja, lakini wanaume waliochanwa mikono na miiba ya mkonge waliacha kulalamika, wakakaa kwenye nyasi chini ya dirisha lake kama watoto.

“Mzaramo, funga mdomo,” mtani wangu Mayunga, Mnyamwezi, aliniambia siku moja. “Inzi watadhani ni nyumba ya kupanga.” Na mashavu yake mwenyewe yalikuwa yamelowa.

Wimbo ukiisha wanawake walipiga vigelegele, nasi tukapaza sauti: “Rudia, mama! Rudia!” Naye alirudia. Hakukataa hata mara moja. Sikujiuliza kwa nini. Wewe ungejiuliza?

Basi nikaoa. Mke wangu Saida alitoka Chole, upande wa Kisarawe, akalelewa na bibi yake kwa adabu ya zamani: ukiitwa na mkubwa, itika “abee” kwanza, maswali baadaye. Juma alilofika Soga nilimchukua kwa fahari kwenda kusikiliza.

“Shemeji,” Mayunga akamtania, “leo utamsahau mumeo.”

“Kwani nimekwisha kumjua, hata nimsahau?” Saida akamjibu. Watu wakacheka.

Sasa, katikati ya wimbo ule palikuwa na mahali ambapo sauti ilipanda juu kabisa, ikatamka maneno mawili ya Kidachi, “sei da.” Masikioni mwetu ilikuwa *Saida*, herufi ya kwanza ikivuma kidogo kama nyuki. Niamini, nilikuwa nimeyasikia maneno yale jioni nyingi, na hayakunipitia akilini kamwe kuwa ni jina la mke wangu. Nilikuwa nimezoea. Yeye hakuzoea. Alikuwa ameinama akitandika mkeka, ameligeuzia dirisha mgongo, sauti ya mwanamke mkubwa ikamwita.

“Abee!” akaitika.

Watu wakaangua kicheko. Wimbo ukakatika.

Mama Kinanda akatoka barazani, mkono shingoni. “Nani ameitika?” akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kukwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Saida akainuka kwa heshima aseme “ni mimi, mama.” Akafungua kinywa. Ukatoka wimbo. Ulianzia pale pale ulipokatika.

Unadhani watu walikimbia? Walikaa chini tena! “Mashallah,” wakasema. “Shemeji, kumbe!” akasema Mayunga. Mimi peke yangu nilikuwa nimekaa mbele yake, nikaona macho yake. Macho ya mtu anayezama.

Nilipanda barazani mbio. “Shikamoo, mama. Mke wangu amefanywa nini?”

Mama Kinanda alikuwa akilia na kucheka, akigusa midomo yake kwa vidole. “Wimbo haukumwita mtu,” akasema. “Unasema tu, ‘uwepo hapa.’ Mimi nilikuwa msichana kwetu. Nilimsikia mwanamke akiimba hivyo, nikajibu kwa moyo wote, ‘Nipo.’”

“Utamwacha lini?”

“Mwingine akiitika.” Akaniangalia kwa huruma, na juma lile lile yeye na mumewe wakapanda gari la moshi, wasionekane tena.

Nilimpeleka Saida kwa mganga mmoja katika kijiji cha Masaki, upande wa Kisarawe. Pepo wa kwetu hupigiwa ngoma, akapanda kichwani, akasema anachotaka, kitambaa chekundu au kuku mweupe, yakaisha. Huyu wa Kidachi ataulizwa kwa lugha gani? Mganga alipiga ngoma mpaka mikono ikamlegea. Kisha akaiweka chini, akasikiliza, machozi yakamtoka. “Mwache aimbe,” akaniambia. “Kitu kizuri namna hii hakitibiwi.”

Tukabaki huko huko Masaki, katika shamba la mihogo la mjomba wangu. Saida hajasema neno tangu siku ile. Mtoto wetu hajawahi kuitwa jina na mama yake. Ila kila jioni, atake asitake, wimbo humtoka, na watu huja toka vijiji vya mbali, wakamtunza vitambaa begani, wakapiga vigelegele, wakasema, “Rudia!” Naye hurudia. Wakiondoka hunishika mkono: una bahati wewe, kulala nyumba moja na sauti kama hiyo!

Kila mwanamke anayekuja, mimi humwuliza jina kwanza. Majuzi alifika bi harusi mmoja kutoka Kisarawe, hina bado mbichi mikononi. “Naitwa Saida,” akasema akitabasamu. Nikamfukuza kwa fimbo, mbele ya mumewe. Wakaniita mwendawazimu. Mke wangu alikuwa mlangoni, ameona yote, na jioni ile aliimba akinitazama mimi tu. Nilielewa anachoniomba: nimwache mwingine aitike. Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba, na huko nako niliusikia.

Kwa hiyo sikiliza nikwambie. Ukikutana na sauti nzuri usiyoielewa, na ukahisi imekutaja, uma ulimi wako. Usiitike, hata kama ulilelewa vizuri. Na kama jina lako ni Saida, usije Masaki. Nakuonya leo, ningali na nguvu ya kukufukuza.