Nyumba ya Mawe na Mtoto Mwenye Uwezo

Sina uwezo. Nalitanguliza hili kwa sababu nimelikana kwa miaka mingi, tena kwa ustadi: kwa viatu vizuri, kwa mkoba wa ngozi, kwa kuongea taratibu kwenye simu kama mtu asiyejali salio. Kila nilipopanda mlimani kwetu Bigwa kumsalimia mama nilikuwa nashuka kwenye bodaboda kabla ya kona ya mwisho, najipangusa vumbi, halafu natembea na mfuko wa mchele mkononi kwa mwendo wa mtu ambaye mchele kwake si habari. Majirani walisema, "Mama, mwanao kaja, leo huko ni sikukuu." Nami nilicheka. Hawakujua kwamba nikirudi Dar, mimi na binti yangu tutakula ugali na mchicha mpaka mwisho wa mwezi.

Nilisoma chuo kikuu. Nafundisha katika chuo kimoja kwa mkataba wa saa, maana yake wanafunzi wakienda likizo na mshahara wangu unakwenda likizo, na kati ya hapo naandika makala za gazeti. Katika makala mojawapo niliwahi kueleza, kwa kujiamini sana, kwamba misaada ya serikali iwafikie wanaostahili tu, na wanaostahili wapatikane kwa vigezo vinavyoonekana na kupimika. Niliipenda ile aya. Niliikata nikaibandika ukutani.

Mwaka ambao nyonga ya mama iligoma, vigezo vikaja nyumbani kwetu.

Mama amelima mboga maisha yake yote kwenye matuta ya mteremko: kabichi, figiri, maharage, na magimbi kule chini karibu na maji. Nyonga ilipoharibika hakuweza tena kupanda. Mtu wa kumlimia alitaka malipo, kliniki ilitaka nauli, na mimi nimekwisha kusema nilivyo. Zilibaki njia mbili. Ya kwanza ilikuwa mama ashuke, aje kuishi nasi Dar kwenye vyumba viwili vya kupanga, alale na binti yangu. Alikuwa ameshawahi kujaribu, alipokuja kwa matibabu. Alishinda kwenye kiti cha plastiki akiutazama ukuta wa jirani, na jioni moja akaniambia, "Mwanangu, hapa kwenu mtu akifa wenzake wanaambiwa na harufu." Alifunga mzigo wake kabla dawa hazijaisha.

Njia ya pili ilikuwa ruzuku ya kaya maskini, ile fedha ambayo serikali huwapa wasiojiweza. Si nyingi, lakini ingetosha kumlipa mtu wa kushika jembe na mtu wa bodaboda. Basi jambo lilikuwa wazi kwetu sote. Akiingia kwenye mpango, anabaki kwake. Asipoingia, anashuka.

Siku ya wapimaji wa mpango huo kupita nyumba kwa nyumba nilipanda asubuhi ili nimsaidie mama kujibu. Nilichelewa. Sebuleni nilikuta viti vyenye mito ambavyo sikuwahi kuviona, vikombe vya udongo vyenye maua, na chupa kubwa ya chai. Vyote vimeazimwa kwa jirani wa upande wa pili wa njia, mjane anayelea wajukuu yatima. Uani jogoo wa mama, wa mwisho, alikuwa ameshaingia sufuriani.

"Mama, hawa watu wanakuja kuangalia kama una shida."

"Najua."

"Sasa jogoo wa nini?"

"Watoto wa watu wanapanda mlima kutoka mjini, niwape maji matupu? Huko chuoni mlifundishwa nini nyie?"

Wapimaji walikuwa wawili, binti mwenye kishikwambi na mwenzake wa kiume ambaye kazi yake, kwa nilivyoona, ilikuwa kula. Wakatoa shikamoo, mama akaitikia marahaba na kuwakalisha kwenye viti vya jirani. Binti alikuwa na adabu, hata kuuliza alikuwa anaona haya.

"Bibi, jana mlikula mara ngapi?"

"Tulikula vizuri tu, Mungu ni mwema."

"Mara ngapi, bibi?"

"Humu hajalala mtu na njaa. Ongeza mchuzi, mwanangu."

Jana yake alikuwa amekula kiporo cha magimbi, mara moja, kwa chumvi.

"Una shamba?"

"Ninalo."

"La kwako mwenyewe?"

"La ukoo."

"Sasa bibi, ni lako au si lako?"

Mama akanigeukia kuona kama mgeni anatania. Kwetu Waluguru ardhi hupitia upande wa mama. Ni ya ukoo. Mtu hulima kipande chake mpaka anakufa na hawezi kukiuza hata akiumwa nyonga zote mbili. Lakini kishikwambi kilitaka ndiyo au hapana.

"Weka ndiyo," mama akasema kwa huruma, "usije ukagombezwa kazini."

Kisha binti akaninyooshea kidole kwa heshima. "Na huyu?"

"Mwanangu wa pekee. Msomi wa chuo kikuu. Anaandika kwenye magazeti, mawaziri wanamsoma."

"Anakusaidia?"

"Eeh! Mimi bila yeye ningekuwa wapi? Kila unachokiona humu ni yeye."

Binti akaangaza macho: viti vya jirani, vikombe vya jirani, chupa ya jirani. Akagusa kioo. Ningeweza kusema. Sauti nilikuwa nayo, na Kiswahili pia. Badala yake nikainamisha kichwa, kama mfadhili anayeona haya kusifiwa mbele za watu.

Majina yalipobandikwa ofisi ya mtaa, jirani yetu alikuwemo. Wapimaji walipoingia kwake, nyumba haikuwa na hata pa kukaa. Mama hakuwemo. Mtendaji alimweleza sababu bila kificho: anaishi kwenye nyumba ya mawe, tena ana mtoto mwenye uwezo.

Hiyo nyumba mtaani wanaiita nyumba ya Mjerumani, ingawa hakuna Mjerumani aliyewahi kulala mle. Ilijengwa enzi za Mjerumani na babu yake mama, mwashi aliyejifunza kazi ya mawe kwa mapadri walipokuwa wanajenga misheni. Kwa desturi yetu mwanaume ndiye aliyehamia kwa wakwe, kwa hiyo aliijenga kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, na haikujengwa kwa fahari. Wakati ule boma lilitoza kodi kwa kibanda. Karani alipita na askari akihesabu mapaa, kila paa na kodi yake, na aliyeshindwa kulipa alipelekwa kufanya kazi ya barabara au shamba la mzungu. Bibi yake mama, mke wa huyo mwashi, alikuwa na mama yake, dada zake na watoto wao, kila mmoja na kibanda chake cha nyasi. Akasema vibomolewe vyote, waingie pamoja chini ya paa moja, ili ukoo mzima uhesabiwe mara moja. Mwashi akainua kuta nene zenye vyumba vingi kama kambi. Karani aliporudi akakuta nyumba moja imefurika wanawake, akamuuliza mwashi kama amewaoa wote. Mwashi akajibu hapana, wao ndio waliomuoa.

Mama hukisimulia kisa hiki kwa kutoa tumbo mbele ili awe karani. Nimekicheka tangu utotoni. Mwaka ule ndipo nilipokifikiria. Wale wazee walijua serikali inatazama nini, wakajipanga kulingana na jicho lake: inahesabu mapaa, basi paa liwe moja. Mama alirithi nyumba yao lakini hakurithi ujanja wao. Yeye alipojua kuna mgeni anakuja kutazama, alifanya kile alicholelewa kufanya, akaficha shida na kutoa kiti.

Simlaumu binti wa kishikwambi. Fedha haiwezi kuwatosha wote, lazima mstari upite mahali, na mtu aliyekaa sebuleni kwa muda wa kumaliza kidari cha jogoo ataona nini zaidi ya ukuta? Kuta hazina umri machoni pa mgeni. Hakuna swali lililouliza kama paa linavuja juu ya kitanda, au kama huyo mwenye shamba anaweza kulifikia kwa miguu yake. Umaskini wa mama ulikuwa kwenye vitu ambavyo havikuwepo, na vitu ambavyo havipo ni vigumu kuvipima. Nilipofika hapo katika kuwaza kwangu niliibandua ile aya ukutani. Ilikuwa imeandikwa vizuri, hilo sitalikana.

Tulikata rufaa. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano wa hadhara ili majina yaliyolalamikiwa yajadiliwe, maana wanaojua nani hana ni majirani. Mama alivaa khanga yake ya kanisani. Nilimwomba avae ya kazini, akaniuliza kama anakwenda mkutanoni au shambani.

Jina lake liliposomwa, mzee mmoja aliyevaa koti akasimama. "Mwenyekiti, tusidanganyane. Huyu mama anakaa nyumba ya Mjerumani!"

"Mjerumani gani?" mama akamjibu akiwa amekaa. "Nionyeshe alipolala. Hata mende wa mle ni Waluguru."

Watu wakacheka. Mzee hakuyumba. "Na viti vya mito? Wapimaji wamevikuta kwa macho yao."

Hapo jirani yetu akanyanyuka, mjukuu mgongoni. Nilishangaa, kwa sababu yeye jina lake lilikuwa limeshapita na hakuwa na sababu ya kujichongea. "Viti ni vyangu," akasema. "Vikombe vyangu, chupa ya chai yangu. Kama mnataka kukata jina langu kateni, lakini viti ni vyangu."

"Kaa chini, bi mkubwa, hakuna anayekukata," mwenyekiti akasema.

"Na huyo mtoto msomi je?" sauti ya mwanamke ikatoka nyuma. "Na yeye kaazimwa?"

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Hata mwenyekiti alifunika mdomo. Mama hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, na nilimjua vizuri kiasi cha kuelewa anachoomba: ninyamaze. Alikuwa tayari kushuka Dar, kuutazama ule ukuta mpaka mwisho wa maisha yake, kuliko watu hawa wajue kwamba kusomeshwa kwangu hakukuzaa kitu.

Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maelezo yenye sehemu kadhaa kuhusu ajira zisizo rasmi. Yakapotea yote.

"Sina uwezo," nikasema.

"Sema kwa nguvu!"

"Sina uwezo! Kazi ya kudumu sina. Nafundisha kwa saa. Mama simsaidii, ninamletea mchele nikija, basi. Nyumba nimepanga. Mama akikosa hii fedha itabidi nimchukue, na akija kwangu atakufa kwa upweke, nanyi mnajua."

Mzee wa koti akauliza, bila ubaya sasa, "Na magazeti je? Hawalipi?"

"Nani hapa amenunua gazeti mwezi huu?"

"Tunalisoma kwa kinyozi," mtu mmoja akakiri.

"Basi kinyozi ndiye anayenilisha."

Sikutegemea wacheke, lakini walicheka, na katika kile kicheko niliona mikono inaanza kunyanyuka kumuunga mkono mama, mmoja mmoja, na mwisho kabisa wa mzee wa koti, hadi usawa wa bega tu. Mama alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Tulipofika mlangoni akasema, "Ungesema hata una kidogo." Nikamjibu kwamba kidogo hakikuwa na nafasi kwenye kishikwambi. Akaingia ndani.

Mwenyekiti alikuwa ametuambia kwamba mkutano unapendekeza tu. Uamuzi ungetoka mjini. Nikarudi Dar. Wiki zikapita bila neno. Binti yangu alianza kuhamisha vitu vyake upande mmoja wa chumba, bila kuambiwa na bila kununa, na hilo liliniuma kuliko kama angenuna. Nilianza hata kuulizia kitanda. Kila nilipompigia mama alinieleza habari za mvua, na sikuuliza.

Nilikuwa darasani simu ilipoita, namba ya jirani wa viti. Nikatoka nje ya mlango.

"Mimi," ikasema sauti ya mama, kwa kelele, kwa vile huwa haamini kwamba simu inafika Dar bila kusaidiwa. "Mtendaji yuko hapa. Jina limeingia."

"Limeingia kweli?"

"Limeingia, nimetia dole gumba. Kwa hiyo siji huko. Mwambie mjukuu wangu atandaze vitu vyake."

Niliegemea ukuta wa korido huku wanafunzi wakichungulia dirishani.

"Mbona kimya? Umefurahi au umeudhika?"

"Nimefurahi, mama. Nimefurahi sana."

"Basi usifurahi sana," akasema. "Watu watasema ulikuwa hunitaki."