Samaki Aliyenipumulia Kiganjani

Jamani, leo nimegusa samaki akapumua!

Mama Zaina, anayenifundisha kuuza samaki hapa sokoni Nateete, ana mtindo wake: unafumba macho, unamtambua samaki kwa vidole.

Sato nilimjua kwa miiba ya mgongo.

Aliyefuata alikuwa mrefu, anateleza, mapezi membamba kama nyuzi. Alikuwa kwenye beseni kavu tangu asubuhi!

Akanipumulia kiganjani. Fuuu.

Bannange! Nilipiga kelele, beseni likapinduka.

Mama Zaina akacheka. "Ni kamongo, mwanangu. Anavuta hewa kama wewe. Ziwani anakula konokono wanaoleta kichocho."

Nikauliza, "Anauma?"

Mama Zaina akapanda juu ya meza.

Naandika nikiwa kando yake, miguu juu. Kamongo hatumwoni.

Mnaomjua, anaweza kupanda meza?