Kitanda cha Ndege Hakikuwa Changu

Shida zangu zilianza mwaka wa 1969, nikiwa na miaka minane. Baba alikufa tukiwa Kyuso, nikaacha shule darasa la pili nikaenda kuchunga mbuzi za watu. Tangu siku hiyo hakuna mtu alinipa kitu bure. Niliuza ndengu kwa debe, kisha kwa gunia, kisha kwa lori, nikahamia Tawa nikajenga. Kwa hivyo uzee ulinikuta nimezoea: mahali nimeingia, kiti kizuri ni changu. Kwangu nyumbani hakuna mtoto wala mgeni alikalia kiti changu, na mke wangu ndiye alikuwa wa kwanza kumwinua mtu.

Msichana wetu wa kwanza ni nesi Amerika. Alitutumia tiketi twende tuone mtoto wake. Mama yake, ambaye yeye humwita Mwaitu, alikuwa amepasuliwa goti miezi michache nyuma, kwa hivyo msichana akanieleza kwa simu:

"Baba, ndege ya kwanza mtakaa pamoja, ni masaa tano tu. Ya pili ni masaa kumi na nne. Hapo Mwaitu ana kitanda mbele, asikunje mguu. Wewe una kiti nyuma. Nimeweza kitanda kimoja."

Nikasema sawa.

Ndege ya kwanza ilikuwa nyembamba, njia moja katikati, viti vitatu huku na vitatu kule. Magoti yangu yaligusa kiti cha mbele. Mke wangu akacheka, "Hata mbuzi za Kyuso hupata nafasi kubwa kwa lori kuliko hii."

Ya pili ilikuwa nyumba ya ghorofa, ngazi ndani. Mhudumu, msichana Mkenya, alimwonyesha mke wangu kiti unachobonyeza kikalala chote, na blanketi na mto. Mimi nilisimama hapo na begi yangu.

"Mzee, lala hapa," mke wangu akasema.

"Hapana, ni chako." Nilisema mara moja. Sikusema ya pili.

"Nitalalaje mimi hapa na wewe umekunjwa huko nyuma? Akina mama wa kanisa wakisikia?"

"Lakini mama, hiki ni cha mguu wako," mhudumu akasema.

"Wewe umeolewa?"

"Bado."

"Basi ngoja."

Tulicheka wote. Mhudumu alienda kuuliza mkubwa wake, akarudi akakubali.

Nilibonyeza kila kitu cha kubonyeza. Nilikula, nikanyoosha miguu, nikalala. Kwenda nyuma kumwona, sikuenda hata mara moja. Baadaye aliniambia alikuwa dirishani, na wanaume wawili wakubwa wamelala kando yake. Aliona aibu kuwaamsha. Akakataa maji ili asihitaji choo.

Tulipotua, alitoka na kiatu kimoja mkononi kwa sababu mguu haukuingia. Nikamwambia amekuwa kama mtoto wa nasari.

Msichana wetu aliangalia mguu hata kabla ya kutusalimia vizuri. "Mwaitu, umefura hivi na ulikuwa umelala?"

"Nililala vizuri sana," akasema mama yake, akiniangalia.

Alinidanganyia, mimi nikanyamaza. Ningesema nini, kwamba nimelalia kitanda cha mgonjwa? Msichana akafikiri ni goti tu. Akauwekea mto na barafu.

Siku ya tatu, akipika chai, mke wangu alishika meza akasema hana pumzi. Hospitali hakufika akiwa hai. Daktari alisema damu iliganda mguuni ikapanda mapafu. Akauliza kama alikaa muda mrefu bila kutembea.

"Hapana," msichana akajibu. "Alikuwa na kitanda."

Hapo ndipo nilisema. Msichana akaniambia, "Ungesema tu pale uwanjani, Baba. Ningempeleka siku hiyo hiyo."

Kurudi, mwili ukiwa chini na mizigo, alininunulia kitanda. Nilikikataa, nikakaa kiti cha nyuma masaa yote. Haikumsaidia mtu.

Huyo msichana hunipigia kila Jumapili. Anauliza presha yangu, anauliza mvua. Hilo lingine hatulitaji.

Leo nina ekari kumi na mbili Tawa, duka mbili na stoo ya ndengu. Nina lori moja nzima na moja imekufa injini. Ng'ombe nne. Watoto watano, wajukuu tisa. Mke sina. Mbuzi ni kumi na nane.