Shahidi wa Mkono wa Kushoto

Wilodean Pruitt aliacha shule darasa la nne akaenda kuchuma pamba, na tangu hapo hajamwomba mtu amwandikie kitu. Barua huandika mwenyewe, kwa herufi kubwa tupu, akikandamiza kalamu hadi maneno yanatokeza nyuma ya karatasi. Ana miaka sabini na minane, kuku thelathini na goti moja la chuma, na huko milimani Arkansas hakuna anayetaka kubishana naye.

Asubuhi moja Harlan Stubblefield, mume wa marehemu mdogo wake Neva, alimkuta akikanda unga.

"Shemeji, nimeharibu."

"Hilo si jipya. Leo umeharibu nini?"

Harlan akauweka mkono wa kushoto mezani. Kidole cha shahada na cha kati vilibaki Vietnam, vilipopondwa na mlango wa nyuma wa lori. Cha pete kipo, ila hakikunjiki. Miaka yote hiyo hakudai fidia ya askari aliyeumia vitani, kiburi tu, mpaka mwaka huu alipokubali kupimwa. Daktari alipima kwa rula, kutoka ncha ya kidole hadi kiganjani, kisha akamwuliza anatumia mkono gani.

"Nikamwambia wa kulia! Nikamwandikia na jina langu, kwa madaha, na mkia chini yake."

"Mjinga wewe! Si ulizaliwa mashoto?"

"Ndiyo hilo. Niliporudi nilijifunza upya kila kitu, kijiko, wembe, kalamu. Nikaona sifa. Kumbe mkono mkuu una asilimia zake za fidia, na ule mwingine zake, pungufu. Sasa wameandika nimeumia mkono wa kusaidia." Akauondoa mkono mezani. "Asilimia kumi zilizopungua si neno, Wilodean. Lakini sikuwapa mkono wa kusaidia. Niliwapa mkono wenyewe."

Alihitaji shahidi aliyemwona kabla ya jeshi. Waliobaki hai ni Wilodean na Clovis Tackett, na Clovis siku hizi hamjui hata mbwa wake.

"Lete karatasi. Nitaandika ulikuwa mashoto, basi."

"Haitoshi. Wanataka jambo uliloliona kwa macho yako. Siku gani, mahali gani, mkono ulifanya nini."

Wilodean akaacha kukanda. Alijua anakopelekwa. Kiangazi cha 1966, kwenye sherehe ya kanisa, Harlan alimrushia mpira wa besiboli mara tatu, na mara tatu gongo la Wilodean likapiga upepo. Hivyo ndivyo anavyosimulia Harlan. Wilodean kwa miaka hamsini na minane amesimulia kwamba mpira wa tatu ulipita nje kabisa, mbali na gongo, haukustahili kuhesabiwa, na kwamba Clovis, aliyekuwa mwamuzi, macho yake yalikuwa kwa Neva. Ameyasema hayo kanisani, saluni, hata kwenye mazishi ya Neva mwenyewe.

"Hakuna siku nyingine? Ulikuwa unakula kwa mkono gani?"

"Ulikuwa unanitazama nikila?"

"Nani akutazame wewe!"

Akaandika. Harlan akasoma, akakuna kichwa. "Shemeji, mkono umeutaja mara moja. Mwamuzi umemtaja mara nne."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Sawa. Tia sahihi hapo chini."

Hapo chini palikuwa na maneno machache, na Wilodean akayasoma polepole kwa kidole. Anayetia sahihi anaapa kwamba yote ni kweli. Akayasoma tena. Akatazama dirishani, akawatazama kuku, akamtazama Harlan kama vile ndiye aliyeyapachika pale.

"Nipe karatasi nyingine. Na utoke nje."

Aliandika mpaka unga ukakauka mezani. Harlan aliporudishwa ndani alisoma hivi: "Harlan alirusha kwa kushoto. Wote tuliozoea kucheza nao walirusha kwa kulia. Mpira wake ulitoka upande nisiouzoea ukanijia kifuani. Ndiyo maana nilikosa. Wa tatu pia nilikosa. Haukupita nje."

Harlan hakucheka. Aliisoma mara mbili, akaikunja taratibu kwa vidole viwili vya kushoto na kidole gumba.

Bahasha ya majibu ilikuja baada ya miezi mitatu. Harlan aliingia bila kubisha hodi.

"Wameandika mkono mkuu, Wilodean! Kushoto!"

"Vizuri. Ile barua ameiona nani?"

"Ofisi tu."

"Harlan."

"Na mchungaji. Na kwaya."

Wilodean akaanza kutafuta ufagio.