Pai Ambayo Dada Vernell Hakuweza Kuionja

Mwezi wa saba, mapichi yanapoiva huku kwetu Georgia, kila nyumba ya mji wa Halcott huwa na beseni la mapichi jikoni, na kila mwanamke hujidai anajua kuoka pai. Lakini mtu akitaja pai kanisani bila kusema ni ya nani, sote tunajua anaisema ya Dada Vernell Tisdale.

Vernell aliwapikia watoto wa shule ya msingi mpaka akastaafu, kisha akabaki mjane katika nyumba ya mbao iliyopakana na yangu. Alikuwa mrefu, mkavu, na si mtu wa kucheka ovyo. Pichi halikuingia jikoni kwake kabla hajaliinua puani. Kwenye kibanda cha akina Dunaway, wanaouza matunda yao kando ya barabara, alinusa moja moja huku foleni nyuma yake ikinung'unika.

"Dada Vernell, unanunua au unayaombea?" Mzee Dunaway alimuuliza siku moja.

"Haya yako yanahitaji maombi," akamjibu, na kulirudisha pichi kikapuni.

Mshindani wake alikuwa Idella Grier, mwoka keki za nazi, mwanamke mfupi, mnene, ambaye mdomo wake hauna breki. Walikua pamoja, wakaimba kwaya moja, na tangu usichana wao hawakuacha kupigana vijembe. Jumapili ya Kurudi Nyumbani, watoto wetu waliohamia mijini wanapokuja kusali nasi kanisa la Mlima Nebo, meza hupangwa nje na kila mmoja huleta chakula. Siku hiyo wawili hao waliangaliana kwa jicho la pembeni kuona sahani ya nani inaisha kwanza. Kwa kawaida ilikuwa ya Vernell.

Sasa, majira fulani ya baridi Vernell aliugua mafua makali. Homa ilimlaza, ikaisha, akaamka. Alipokunywa kahawa aliiona kama maji ya moto tu. Akajaribu kitunguu, akajaribu siki, akasogeza pua kwenye kopo la mdalasini. Hakupata kitu. Ulimi na pua vilikuwa vimezimika pamoja. Daktari alimwambia huenda hisia zitarudi, huenda zisirudi. Vernell alirudi nyumbani akafunga mdomo. Hata mimi jirani yake sikujua. Niliona tu kwamba anakonda.

Kiangazi kilipofika, alienda kwa akina Dunaway kama kawaida, akayainua mapichi puani kama kawaida, ili watu wamwone. Akaoka pai za Jumapili ya Kurudi Nyumbani kwa mazoea ya mikono. Bahati mbaya, binti yake alikuwa amekuja wiki hiyo kumsaidia usafi, akayafuta makopo ya jikoni na kuyarudisha bila kuangalia lipi lilikaa wapi. Zamani Vernell angeonja kijiko kimoja cha mapichi yale kabla ya kuyafunika kwa unga, na mambo yangeishia pale. Safari hii alionja pia, ila kuonja kwenyewe hakukumwambia chochote.

Mimi nilikuwa mezani. Niliweka kipande mdomoni na macho yakanitoka. Ilikuwa chumvi. Chumvi tupu, na mapichi ndani yake kama samaki wa kukaushwa. Nikatazama huku na huku nikakuta watu wazima wenye heshima zao wanatemea kwenye leso. Nani angemwambia Dada Vernell? Shemasi Cleophus Boddie, mzee mpole kuliko wote pale, alikuwa amesimama karibu na Vernell mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia. Alikimaliza kipande chake chote, machozi yakimlenga, akishushia kwa chai ya barafu bilauri baada ya bilauri.

"Vipi, Shemasi?" Vernell akamuuliza.

"Dada," akasema, "sijawahi kula pai kama hii."

Idella ndiye aliyemfuata Vernell jikoni mwa kanisa. Yaliyotokea humo alinisimulia yeye mwenyewe baadaye.

"Vernell, umetia chumvi badala ya sukari."

"Wivu wako huo, Idella. Nenda kahesabu nazi zako."

"Wivu gani? Onja, basi! Chukua hii, onja."

Vernell akachukua kijiko, akajaza, akatia mdomoni. Akatafuna taratibu. Akameza. Uso wake haukukunjamana hata kidogo. Idella alikuwa amejiandaa kumcheka, lakini badala yake akamsogelea.

"We mwanamke," akasema kwa sauti ya chini, "hujui, sivyo? Husikii ladha kabisa."

Vernell aliweka kijiko chini, akavua aproni yake, akaikunja vizuri na kuiweka mezani. "Usimwambie mtu," akasema, na akaondoka kwa mlango wa nyuma.

Niseme ukweli: Idella, ambaye hajawahi kutunza siri ya mtu tangu azaliwe, aliitunza ile. Watu walipouliza, aliwajibu kwamba Vernell hakuvaa miwani siku ile, na yeyote mwenye neno zaidi amletee yeye.

Vernell aliacha kuoka. Mapichi yakazidi kuiva, barabara nzima ikanukia, na jiko lake likabaki baridi. Idella alikuja mlangoni kwake akiwa na kikapu cha mapichi. Nilikuwa kwenye kibaraza changu nikimenya maharage, nikasikia kila kitu.

"Fungua, Vernell. Nimekuletea ulimi."

"Ulimi wa nini?"

"Wangu. Wewe una mikono, mimi nina ulimi. Tukiunganisha tunapata mtu mmoja mzima."

"Ulimi wako umeshanitosha miaka yote hii. Na wewe unachotaka ni kujua ninavyooka."

"Mimi? Pai yako? Hata unilipe!"

"Kwaheri, Idella."

Mlango ukafungwa. Idella akaacha kikapu kwenye ngazi na kwenda zake akibwata mpaka kwenye kona.

Aliyebadilisha mambo ni Shemasi Cleophus. Mkewe Mozelle alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, na wakati huo chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Mchana mmoja Shemasi alikuja akavua kofia, akasimama pale chini ya ngazi.

"Dada Vernell, Mozelle anauliza pai yako."

Vernell alimtazama sana. "Shemasi, ile ya mwisho uliila wewe. Unajua ilivyokuwa."

"Naijua."

"Na bado unaomba nyingine?"

"Mke wangu hajaomba chakula tangu kiangazi kianze. Leo ameomba. Wewe oka itakavyokuwa, dada yangu, mimi nitampelekea."

Shemasi alipoondoka, Vernell alikuja hadi kwenye ua unaotutenganisha. "Una simu ya Idella?" akaniuliza. Nikampigia palepale, kisha nikajialika jikoni, maana jambo hilo sikuwa tayari kusimuliwa tu.

Idella alifika akihema, na cha kushangaza hakutania. Vernell alikuwa ameshapanga kila kitu mezani. Akachovya kidole majini, akakigusisha kwenye makopo mawili. "Sukari hii inanata," akasema. "Chumvi inateleza. Siku ile vidole vyangu vilijua, mimi ndiye sikuvisikiliza." Halafu akashika mapichi, akayabonyeza kwa kidole gumba karibu na kikonyo. Lililokuwa gumu aliliweka kando. Lililobonyea kidogo alilikubali. Akayatumbukiza kwenye maji yanayochemka, akayahamishia kwenye maji ya barafu, na maganda yakabanduka yenyewe. Akayakata vipande vinono, akayatia sukari.

Kisha akauendea unga. Alisugua mafuta baridi ndani ya unga wa ngano kwa ncha za vidole, akiinua na kuachia, mpaka ukawa chengachenga kama makombo ya mkate mkavu. Akanyunyiza maji ya barafu, akaukusanya, akausukuma kwa mti wake wa kusukumia, mkono mwepesi, bila kuubembeleza kupita kiasi. Nimekaa jirani yake muda wote huo na sikuwahi kumwona akifanya kazi kwa karibu hivyo. Nilisahau hata kunywa soda yangu.

"Haya, ulimi," akamwita Idella. "Onja mapichi haya."

Idella akaonja. "Matamu."

"Matamu vipi?"

"Matamu ya utamu! Nikwambieje?"

"Yanakusisimua taya, au yanalala tu ulimini?"

Idella akafumba macho. "Yanalala."

"Basi yanataka limau." Akakamua, kisha akakuna kiungo kidogo juu yake. "Sasa?"

"Sasa yameamka. Ngoja... kuna kitu huku nyuma kooni, kama joto."

"Hiyo kungumanga. Imezidi?"

"Hapana. Iache hapohapo. Mungu wangu, Vernell, kumbe ulikuwa unatutilia kungumanga!"

"Ukisema nje ya jiko hili, nakuzika."

Tulicheka wote, na Vernell alicheka kweli, mpaka akafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye unga.

Pai ilipoingia kwenye oveni, akavuta kiti na kukaa sikio likielekea mlango wa oveni. Akatunyamazisha. Mwanzoni tulisikia mchemko wa haraka haraka, kama mvua juu ya bati. Idella akataka kuitoa. "Bado, hayo ni maji," Vernell akasema. Tukangoja. Mchemko ukapungua, ukawa mzito, povu moja, kimya, povu jingine. "Sasa ni mchuzi," akasema, akainuka akaitoa. Juu ilikuwa ya rangi ya asali, na ukingoni maji ya mapichi yalikuwa yamebubujika na kuwa mekundu.

Idella akavuta pumzi, akaanza kumweleza ilivyonukia, akashindwa, akamshika mkono tu.

Mozelle alikula. Hakumaliza kipande, lakini alikula, na akamwomba mumewe amwachie sahani karibu na kitanda. Shemasi alikuja kutuambia. Tangu siku hiyo Vernell alimwokea kila yalipopatikana mapichi mazuri, Idella akiwa ulimi wake, mpaka msimu ukaisha. Mozelle aliaga dunia majani yalipoanza kupukutika. Katika chakula cha msiba, Shemasi aliwatafuta wanawake hao wawili kabla ya mtu mwingine yeyote.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, Vernell alisimama. Si kawaida yake. "Sinusi, wala sionji, tangu ile baridi," akasema. "Na ile pai ya chumvi niliioka mimi, si miwani. Mliila mkanyamaza kwa kuniheshimu. Asanteni, lakini msirudie tena. Mtu akikosea, mwambieni." Kanisa likaangua kicheko, na Shemasi Cleophus, na msiba wake mbichi vile, alicheka kuliko wote.

Hisia zile hazijarudi mpaka leo. Nilimuuliza mara moja anapata nini anapokula pai yake. Alifikiri. "Napata kuvunjika kwa unga," akasema, "kisha uvuguvugu, kisha kitu laini kinachoteleza. Si haba."

Kiangazi hiki wanawake wa kanisa walimwomba awafundishe. Alikubali kwa sharti moja, wakalikuta mezani walipofika: rundo la vibanio vya kuanikia nguo. Kila mmoja abane pua kwanza, ndipo ashike unga. Mchungaji aliingia jikoni kuwasalimu akakuta waumini wake wote wamebanwa pua, wengine wamepiga magoti mbele ya oveni, masikio yametegwa.

"Jamani, kuna nini humu?" akauliza.

"Shhh, Mchungaji!" Idella akamkemea kwa sauti ya puani. "Bado ni maji."